Willie O'Ree na winga ya kulia

Wagonjwa waliopoteza uoni wa jicho moja huniuliza kama wataweza kurudi uwanjani. Mimi ni daktari wa macho, na huwasimulia habari za Willie O'Ree, mchezaji wa magongo ya barafuni aliyezaliwa Fredericton, Kanada, mwaka 1935.

Akiwa bado ligi ya vijana, kile kisahani cha mpira mgumu wanachokigombea kilimpiga usoni. Jicho la kulia likapoteza karibu uwezo wake wote. Daktari akamwambia basi, mchezo umekwisha. O'Ree akarudi barafuni na kuificha siri hiyo, kwa sababu ligi kuu, NHL, haikuruhusu mchezaji mwenye jicho moja.

Tarehe 18 Januari 1958 aliichezea Boston Bruins mjini Montreal, akawa mtu mweusi wa kwanza katika NHL. Wengi humwacha hapo, nami naona wanamnyima haki yake. Huko juu alicheza mechi 45 tu na kufunga mabao 4. Kazi yake hasa aliifanya ligi za chini, akiwa na Los Angeles Blades na baadaye San Diego Gulls.

Alianza kama winga wa kushoto. Winga huyo ana ukuta kushoto kwake, na mchezo karibu wote uko kulia: pasi hutokea huko, na beki wa kumgonga hutokea huko huko. Kwa O'Ree huo ndio upande wa giza. Ilimbidi ageuze shingo kabisa ili jicho la kushoto lishike mchezo, tena akiwa kwenye kasi kali. Los Angeles wakamhamishia winga ya kulia, na uwanja mzima ukawa mbele ya jicho zima. Msimu wa 1964–65 alifunga mabao 38. Msimu wa 1968–69, akiwa San Diego, akafunga 38 tena.

Je, umbali aliupimaje? Macho mawili hutusaidia zaidi kwa vitu vya karibu. Kwa vya mbali, ubongo hutumia ukubwa wa kitu, kipi kinaziba kipi, na jinsi vinavyosogea tunapotembea. Hayo jicho moja huyaweza, ila huchukua miezi ya mazoezi.

O'Ree alicheza hadi msimu wa 1978–79, akiwa na miaka 43. Ninayemruhusu kurudi uwanjani leo humwandikia kwanza miwani ya kinga ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka kirahisi, na humwomba kocha wake ampange upande ambao mchezo utakuwa mbele ya jicho linaloona.