Unyumbufu wa mahitaji: petroli ikipanda, nani hasa anapunguza safari?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta. Zikipanda, vijiwe vyote vya bodaboda Mtwara, kuanzia Ligula mpaka Mikindani, ni malalamiko matupu. Kesho yake asubuhi pikipiki ni zilezile barabarani. Wanauchumi wana kipimo cha jambo hili, nacho ni unyumbufu wa mahitaji: kadiri watu wanavyopunguza au kuongeza ununuzi wa kitu pale bei yake inapobadilika.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme petroli imetoka shilingi 3,000 hadi 3,300 kwa lita, yaani imepanda asilimia 10, na kituo kilichokuwa kikiuza lita 10,000 kwa wiki sasa kinauza 9,800, pungufu ya asilimia 2. Gawanya 2 kwa 10, unapata 0.2. (Kihesabu ni hasi, kwa kuwa kimoja kinapanda kingine kinashuka, ila wengi huiacha alama hiyo.) Jibu likiwa chini ya 1, mahitaji hayo hayanyumbuki sana, na petroli kwa muda mfupi huangukia humo hata katika nchi tajiri.

Mwangalie dereva wa bodaboda. Jioni bosi mwenye pikipiki anataka hesabu yake, yaani fedha ya siku, mafuta yapande yashuke. Hawezi kukataa abiria, kwa hiyo anachopunguza ni mizunguko mitupu: badala ya kuzurura mjini akitafuta kichwa, anatulia kijiweni akingoja simu. Nauli nayo inaongezeka kwa mapatano, na mafuta yakishuka hairudi upesi. Basi la Lindi kwenda Mtwara halina uhuru huo, maana nauli kikomo hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na haibadiliki kila mwezi, hivyo mwenye basi hubana kwingine, kwa mfano kungoja viti vijae ndipo aondoke. Mwenye gari dogo ndiye mwenye nafasi ya kuchagua. Soko, benki na shule anavipitia kwa safari moja, Masasi anakwenda kwa basi, na akiwa njia kuu hakanyagi sana mafuta, kwani kadiri mwendo unavyozidi upepo huipinga gari zaidi na injini hunywa zaidi.

Kwa hiyo, kwa wengi, bei hubadili namna ya kuendesha kabla haijabadili idadi ya safari.

Kosa moja hufanyika sana katika kusoma kipimo hiki. Msimu wa korosho, minada inapoanza mwezi Oktoba na fedha kuingia mikononi, petroli inaweza kupanda na bado vituo vikauza zaidi. Mtu wa haraka atasema watu wa Kusini hawajali bei. Siyo, kipato kimepanda, na unyumbufu hupimwa mengine yote yakiwa palepale.

Mahitaji yasiponyumbuka, kinachoumia ni mfuko. Ndiyo maana mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kupaisha bei, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni badala ya kutegemea watu wapunguze kuendesha. Angepunguza nini mtu wa Liwale mwenye mgonjwa wa kupeleka Lindi mjini?

Kwa muda mrefu namba ya unyumbufu huongezeka. Mtu akibadilisha gari hununua lenye injini ndogo, akijenga hutazama umbali wa kazini, na akiweza huhama kabisa kwenye petroli. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inatoka Lindi na Mtwara, lakini walioanza kuitumia kwenye magari na bajaji kwa wingi ni wa Dar es Salaam, kwa sababu vituo vya kujazia vilianzia huko. Dereva wa bajaji aliye mbali na kituo cha gesi hana pa kukimbilia petroli inapopanda, na unyumbufu wake utabaki mdogo mpaka kituo kimsogelee.