Turubai linaposhushwa: kufiwa na mama na siku zinazofuata matanga

Asubuhi ya kuanua tanga ina pilikapilika zake. Vijana wanafungua kamba za turubai, mwenye viti vya kukodi anahesabu na kukuta vimepungua viwili, masufuria makubwa yanasuguliwa kwa majivu, na mshika daftari la rambirambi anawasomea wazee jumla kwa sauti ya chini. Ikifika saa 10 jioni, ndugu wa Tanga na wa Morogoro wameshapanda basi. Uani zinabaki alama za miguu ya viti kwenye mchanga. Mfiwa anaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki, anakiona kitanda cha mama kikiwa hakina mtu aliyekikalia.

Kwa wengi ninaowapokea, msiba unaanzia hapo. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika kitengo cha ushauri nasaha cha hospitali jijini Dar es Salaam. Wiki ya mazishi hakuna anayekuja kwangu. Watu wanakuja mwezi wa pili au wa tatu, na mara nyingi hawasemi wamekuja kwa ajili ya msiba. Wanaletwa na kichwa kisichosikia dawa, usingizi uliopotea, kifua kinachobana, presha iliyokuwa imetulia na sasa imepanda. Mpaka niulize anaishi na nani nyumbani, ndipo mama anatajwa, na hapo machozi yanashuka.

Sisemi matanga hayana kazi. Matanga ni tiba, tena tiba ambayo nchi nyingi zimeipoteza na sasa zinalipia wataalamu ili wairudishe. Pwani mtu akiingia msibani husema "Makiwa," na wafiwa humjibu "Tunayo." Sikiliza jibu lile: si ninayo, ni tunayo. Ule ukiwa, yaani upweke wa kufiwa, umeshagawanywa kabla hata mgeni hajavua viatu. Kisha wapo watani. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, na uadui ule ukageuka utani. Leo mtani wako anaingia msibani, anaiga marehemu alivyokuwa akitembea na kugombeza wajukuu, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua atadhani ni utovu wa adabu. Mimi naona mtu ambaye hajameza kitu tangu jana akicheka bila kutaka, na baada ya kicheko kile anaomba uji.

Huzuni yenyewe haina ratiba. Mitandaoni watu husambaziana "hatua tano za msiba" kana kwamba ni vituo vya mwendokasi, ukishakipita kimoja huwezi kukirudia tena. Hatua zile zilielezwa mwaka 1969 na daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, aliyekuwa Chicago, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakielekea kufa wao wenyewe. Hazikuwa kipimo cha wafiwa. Kinachofanana zaidi na ninachokiona kazini ni maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, mara yuko ndani ya huzuni, mara yuko kwenye shughuli za maisha, na kule kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Watu wa pwani hawahitaji somo refu hapa. Ni kupwa na kujaa. Kwa hiyo ukimwona mwenzio amecheka harusini wiki ya tano, usimseme. Na akilia mwezi wa tisa kwa sababu kasikia harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akipaka mama yake, usimwambie "bado tu?"

Kufiwa na mama kuna jambo lake ambalo huwa halionekani mpaka miezi ipite. Katika familia nyingi mama ndiye njia ya habari. Yeye ndiye anayejua nani amenuniana na nani, mtoto wa nani amefaulu, nani amekwama na kodi na anaona haya kusema. Ndugu watano wanaodhani wanawasiliana, kumbe kila mmoja anawasiliana na mama, na mama anawapelekea wengine. Akiondoka, simu zinanyamaza. Mwaka haujaisha wanasikia habari za mdogo wao kwa jirani. Kwa hiyo, kabla watu hawajatawanyika siku ya kuanua tanga, mbali na kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi wa mirathi, kaeni ninyi watoto peke yenu mkubaliane nani atapokea kazi ile ya kupiga simu. Si lazima awe mkubwa. Awe yule asiyechoka kuongea.

Kuna fundi cherehani mmoja ameniruhusu nimsimulie bila kumtaja. Kwa miaka mingi, kila tarehe 28, alikuwa akimtumia mama yake hela ya dawa ya presha kwa simu. Mwezi wa kwanza baada ya msiba, tarehe 28 ilipofika, vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Akaandika namba, akaandika kiasi, na simu ikamletea jina la mama yake, herufi kubwa, ikimuuliza kama anathibitisha. Aliniambia alikaa na simu ile mkononi mpaka ikazima kioo. Mteja amesimama mlangoni na suruali yake, yeye hamwoni.

Hakuwa mgonjwa wa akili, na nilimwambia hivyo. Mapenzi yalikuwa na njia yake na njia imekatika; mtu anahitaji mahali pa kuyapeleka. Kiswahili kimeshatutengenezea mahali hapo. Dada wa mama kwetu si "shangazi wa upande wa mama". Ni mama mkubwa au mama mdogo. Fundi yule alianza kumtumia mama mdogo wake kiasi kilekile. Mama mdogo akampigia siku hiyohiyo: "Mwanangu, hela sitaki. Nunua unga, uulete mwenyewe." Anaupeleka. Anakaa barazani kwake, mama mdogo anamsimulia mama yake alipokuwa binti, mambo ambayo yeye kama mtoto hakupata kuyasikia. Huko ndiko usingizi ulikoanzia kurudi.

Niseme kidogo kuhusu maneno. "Jikaze" ndilo neno linaloongoza kwa madhara, hasa kwa wanaume na kwa kifungua mimba anayebebeshwa shughuli yote. "Ni mipango ya Mungu" mfiwa anaweza kuisema mwenyewe na ikamtuliza. Ukimwambia wewe akiwa bado anatetemeka, anaisikia kama amri ya kunyamaza. "Angalau alikula chumvi nyingi" pia liache. Mtu wa miaka 60 aliyezikiwa mama wa miaka 88 amefiwa na mama, basi. Ukikosa la kusema sema pole, kisha ukae.

Watoto wadogo waambiwe ukweli. Mtoto aliyeambiwa "mama amelala" nimemwona akigoma kulala kwa wiki nzima, na aliyeambiwa "bibi amesafiri" alikuwa akichungulia kila bajaji inayosimama. Mwambie amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, na si kosa lako. Hiyo ya mwisho usiisahau, maana watoto hujilaumu kimyakimya. Mtoto akibadilika sana na hujui uanzie wapi, Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, bure.

Kuna la kitabibu ambalo msibani husahaulika kabisa: dawa za wafiwa wenyewe. Mwenye kisukari anakunywa chai ya sukari mara tano kwa siku kwa sababu kila anayeingia anampa kikombe, na vidonge vimebaki chumbani alikolazwa maiti, hathubutu kuingia. Mteueni mtu mmoja, mjukuu tu anatosha, kazi yake iwe dawa za wafiwa kwa saa. Nimeona familia ikirudi hospitali na mgonjwa wa pili kabla ya siku ya tatu.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa na mzazi. Nne zinatosha kuzika. Mwajiri mwenye busara anajua kwamba mwezi wa pili mtu huyu atakosea mahesabu, na anampunguzia mzigo bila kumwandikia barua.

Huzuni nyingi hupungua makali bila daktari. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limetambua huzuni iliyokwama: zaidi ya miezi 6, kila siku, kwa ukali unaomzuia mtu kufanya kazi, kula au kulea, na unaozidi kile ambacho mila na dini yake hukiona cha kawaida. Huyo aje hospitali, au aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Anayesema anataka kumfuata mama yake asisubiri miezi yoyote. Msimwache peke yake, mleteni leo. Kusikia sauti ya mama ikikuita jikoni, kwa upande mwingine, kunawatokea wengi na peke yake si dalili ya wazimu.

Ninachokidai kwa jamii ni kidogo. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vina katiba nzuri: sanda au jeneza, usafiri, mchele, faini ya asiyefika makaburini. Karibu zote zinaishia siku ya kuanua tanga, kisha zinaruka hadi arobaini. Katikati ni jangwa. Kikundi kimoja cha akina mama nilichozungumza nacho waliongeza kifungu: kwa miezi mitatu baada ya msiba, kila Alhamisi, wanachama wawili wanakwenda kwa mfiwa. Hawabebi bahasha.

Mmoja wao alinieleza ziara yao ya kwanza. Walimkuta mfiwa kakaa kizingitini anachagua mchele. Hawakumuuliza hali. Mmoja akauvuta ungo ukakaa katikati yao, mwingine akachukua ndoo kwenda bombani. Mchele ulikuwa umekaribia kuisha ndipo mfiwa akaanza kuwaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akiuchagua, kwa mkono wa kushoto, haraka, na chuya akiwarushia kuku bila kuinua macho.