Wimbo Uliokwisha Kuimbwa: Dhana Potofu Ninazozisikia Darasani

Nafundisha kuimba, na wanaonijia ni wa kila namna: wanakwaya, wasichana wanaotafuta nafasi kwenye bendi, vijana wanaoimba harusini. Karibu wote huja na imani moja, tena huitamka kwa maneno yaleyale. Tukikaa kumsikiliza mwimbaji mkubwa akiimba wimbo unaojulikana, hakosi mmoja wa kusema, "Lakini mwalimu, wimbo wenyewe si wake." Akishasema hivyo anaacha kusikiliza. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu jambo zima la kujifunza liko palepale alipoziba masikio.

"Wimbo una mwenyewe, wengine wote wanapiga kopi"

Dhana hii ina sura mbili. Wapo wanaoamini kwamba msanii wa kweli huimba alichotunga mwenyewe, na anayechukua wimbo wa mwenzake ameishiwa. Wapo pia wanaokubali wimbo urudiwe, ila kwa sharti kwamba ufanane na ule wa kwanza mpaka mshororo wa mwisho. Hawa ndio husifia kwa kusema, "Kaimba kama mwenyewe kabisa!" Mwanafunzi wangu akisifiwa hivyo namwambia arudi darasani, kazi bado hatujaianza.

Kwetu pwani dhana hii ilipaswa kukosa hata pa kukaa. Mara nyingi katika taarab mmoja hutunga shairi, mwingine akalitia mahadhi, wa tatu akaliimba. Sijasikia mtu akimwita mwimbaji wa taarab mwizi eti kwa kuwa shairi alilitunga mwingine. Na tenzi zetu je? Zimeghaniwa na watu wasiozitunga, mbele ya watu wanaozijua fika, na bado watu walikaa wakasikiliza, kwa sababu mghani huyu haghani kama yule.

Mchukue Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa Kiswahili. Santuri za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu tu kila upande. Wimbo ambao barazani ungeweza kuendelea kadiri wasikilizaji walivyotaka, studioni ulipaswa kuishia pale nafasi ilipoishia. Sasa hicho tunachokiita "wimbo wa asili" ni kitu gani? Ni chumba kimoja, siku moja, dakika tatu. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Siti, akiwa nyumbani Ng'ambo, mtaa wa mji wa Zanzibar, na watu wake wamemzunguka, alilazimika kuimba kama santuri ilivyomkata.

Akaja Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyezijua nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, na aliyeendelea kuziimba hadi uzeeni. Alifariki Aprili 2013. Sauti ya Siti ni ya juu, nyembamba, imejaa mapambo ya kiarabu. Ya Bi Kidude ni nzito, ina mkwaruzo, na nyuma yake unaisikia ngoma ya unyago aliyoipiga maisha yake yote. Wimbo wa "Kijiti" unasimulia kisa cha kweli cha miaka ya 1920, cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na muuaji akatoroka. Siti aliwaimbia watu walioijua habari hiyo, pengine na jina la muuaji likiwa bado moto midomoni mwao. Bi Kidude aliwaimbia waliozaliwa miaka mingi baadaye, na wengine walikuwa wageni wa Ulaya wasiojua neno la Kiswahili. Angeuimba vilevile kwa sababu gani? Kwa Siti ilikuwa taarifa na shutuma. Kwa Bi Kidude ilibidi sauti yenyewe ibebe uzito ambao habari haikuwa nao tena. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, na sidhani kuna aliyempa kwa sababu ya kufanana na Siti.

Au tuchukue wimbo ambao kila mmoja wetu anaujua, "Malaika". Hata mtunzi wake anabishaniwa: Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, Adam Salim wa Tanganyika akadai kuutunga kabla yake, na wengine pia wamedai. Ukimsikiliza Fadhili, gitaa linatembea kwa mwendo mwepesi, na yule kijana asiye na mali ya kuolea anasikika kama anayeweza kulisahau jambo hilo kesho. Miriam Makeba, Mwafrika Kusini, aliuweka kwenye albamu ya 1965 pamoja na Harry Belafonte, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Makeba anaupunguza mwendo. Anakaa juu ya neno, analiacha lipoe, ndipo anakwenda kwenye jingine. Maneno ni yale, umaskini ni ule, lakini sasa kijana yuko peke yake usiku na hana pa kwenda. Kundi la Boney M likautoa mwaka 1981 kwa ajili ya kumbi za disko, na hapo huzuni karibu yote imeondoka. Angélique Kidjo wa Benin akauimba kwenye albamu yake "Logozo" ya 1991, akiwa amekua akimsikiliza Makeba. Waimbaji wanne, wimbo mmoja. Anayeniambia kwamba watatu kati yao walikuwa wakipiga kopi tu, namwomba anionyeshe ni wapi Makeba amemwiga Fadhili. Bado nasubiri.

Na kwa wale wanaotaka mfano wa mbali: "Respect" ni utunzi wa Otis Redding, mwimbaji wa Marekani, aliyeutoa mwaka 1965. Kwake ni mume anayetoka kazini, ameleta pesa nyumbani, anaomba heshima kidogo. Februari 1967 Aretha Franklin, Mmarekani mwenzake, akaurekodi New York. Akaongeza ile sehemu ya kulitaja neno herufi kwa herufi, nyuma yake dada yake mkubwa na mdogo wake wa kike wakimwitikia, na saksafoni ya King Curtis ikapewa kipande ambacho kwa Otis hakikuwepo. Ombi la mume likageuka dai la mwanamke. Miezi michache baadaye wimbo ulikuwa namba moja Marekani, na Otis mwenyewe alitangaza jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California, mwaka huohuo, kwamba kuna msichana amemnyang'anya wimbo wake, naye ni rafiki yake. Mtunzi ameona, sisi tunakataa kuona nini?

Kinachotakiwa ni kujifunza kusikia uamuzi. Mwimbaji wa wimbo maarufu ana faida moja ambayo mwenye wimbo mpya hana: unajua kinachokuja. Kwa hiyo kila anapochelewa, kila anaponyamaza, kila anapolikata neno ulilozoea kulisikia likivutwa, unatambua kwamba amechagua. Ushauri wangu, na wanafunzi wangu wananijua kwa huu, ni kuanza na pumzi. Chukua karatasi, andika maneno ya ubeti wa kwanza, kisha sikiliza waimbaji watatu ukiweka alama kila wanapovuta hewa. Usitazame video, sikiliza tu. Utakuta mmoja anapumua katikati ya sentensi kana kwamba ameshindwa kuimalizia, na mwingine ameunganisha mishororo miwili kwa pumzi moja ili usipate nafasi ya kutuliza moyo. Mapambo ya sauti yanaweza kukudanganya. Pumzi inakuonyesha pale mwimbaji alipoamua maana ikae.

"Mwenye sauti ya juu kuliko wote ndiye bora"

Hii nayo inanichosha, na lawama kubwa naziangushia mashindano ya kuimba ya kwenye televisheni, ambako watu hupiga makofi sauti ikipanda na hunyamaza ikishuka.

Billie Holiday, mwimbaji wa jazz wa Marekani, alikuwa na sauti ya upana mdogo, kitu cha kuzidi oktavu moja (kutoka do hadi do ya juu yake) kidogo tu. Nyimbo alizoimba zilikuwa nyimbo za kawaida za siku zake, nyingi zimeimbwa na wenye sauti kubwa kumliko. Alichofanya ni kuupunguza wimbo hadi noti chache, kisha akaziweka noti hizo nyuma kidogo ya mapigo, ili bendi itangulie na yeye afike akiwa amechelewa kama mtu mwenye mawazo. Wanafunzi wanapojaribu hivyo kwa mara ya kwanza wenzao huwaambia wametoka kwenye mdundo. Hapana. Aliyetoka kwenye mdundo hajui mapigo yako wapi. Billie aliyajua vizuri kiasi cha kuweza kuyaacha yapite.

Halafu kuna Whitney Houston, ambaye wote huniletea kama ushahidi dhidi yangu. "I Will Always Love You" ilitungwa na Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani, akaitoa mwaka 1974, na kwake ni kuaga kwa upole. Ubeti wa mwisho anausema zaidi ya kuuimba. Whitney aliiimba mwaka 1992 kwa ajili ya filamu "The Bodyguard", na wanafunzi wangu hukimbilia pale mwishoni wimbo unapopanda. Wanaruka mwanzo wote! Mwanzo hauna ala hata moja. Sauti iko peke yake, chini, karibu na maongezi, na inajipa muda. Baadaye, kabla ya ile sehemu maarufu, kila kitu kinanyamaza. Ngoma inapiga mara moja, ufunguo unapanda, yaani wimbo mzima unahamia juu, na ndipo anaachia. Ondoa ule ukimya na ule mwanzo wa chini, kinachobaki ni kelele. Nimesikia watu wakikithibitisha hicho harusini, wakianza na sauti yote waliyonayo na kukosa pa kupanda.

"Niliyoisikia kwanza ndiyo ya kwanza"

Hapana. Wengi wanaojua "Respect" ya Aretha hawajui kama kulikuwa na Otis, na wengi wanaojua wimbo wa Whitney hawajui kama kulikuwa na Dolly. Masikio yako yana historia yake, wimbo una ya kwake. Kabla ya kusema fulani ameuharibu wimbo wa fulani, tafuta nani aliuimba kabla ya wote wawili.

"Mwanamke hawezi kuimba wimbo wa mwanaume"

Makeba aliimba maneno ya kijana anayelia kwamba hana mali ya kuolea, na hakuyabadilisha yamfae yeye. Msimuliaji wa hadithi hahitaji kuwa mhusika wake. Tuendelee.

"Kubadilisha ni kukosea, hisia zikija utajua tu"

Hapa zimeungana dhana mbili zinazopingana, na bado mtu mmoja hunipa zote mbili katika somo moja. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri aliyekuwa akitangazwa na redio ya Cairo katika matamasha yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi, angeweza kuchukua saa nzima katika wimbo mmoja, akiurudia mshororo kila wasikilizaji walipomlilia, na kila akirudia anaupitisha njia nyingine. Wazee wa taarab wa pwani yetu walimsikiliza kwa makini sana, na unaisikia athari yake. Uhuru ule haukutoka hewani. Alilelewa katika usomaji wa Qur'ani tangu utotoni, kwa nidhamu ya kila herufi na mahali pake pa kusimama, na alifanya mazoezi na wanamuziki wake mpaka kila mmoja alijua wimbo unaelekea wapi.

Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, akiwa Berlin Februari 1960, alisahau maneno ya "Mack the Knife" akiwa jukwaani. Akatunga mengine papo hapo, akaendelea hadi mwisho, na rekodi ya usiku ule ikampatia Grammy. Aliweza kwa sababu lahani na mwendo wa wimbo vilikuwa vimemkaa mwilini. Anayeniambia atasubiri hisia zimjie, namwagiza kwanza aimbe wimbo wote kama ulivyoandikwa, kwa mapigo sawasawa, bila pambo hata moja. Wengi hawawezi. Ukiujua hivyo, una haki ya kuanza kuuchezea.

"Ukiuimba vizuri sana unakuwa wako"

Masikioni mwa watu, ndiyo, inatokea. Kisheria hapana. Haki ya mtunzi haihami kwa uzuri wa sauti ya mwingine. Elvis Presley alipotaka kuurekodi ule wimbo wa Dolly Parton, meneja wake alidai nusu ya haki za uchapishaji. Dolly akakataa, ingawa kwa maelezo yake mwenyewe alilia usiku ule. Whitney alipouimba ukauzwa dunia nzima, na malipo ya mtunzi yakaenda kwa Dolly. Kwa hiyo kabla hujaingia studioni na wimbo wa mtu, mtafute mtunzi au warithi wake, omba ruhusa kwa maandishi, na jina lake liwe mahali pake kwenye rekodi. Kwa Tanzania, COSOTA, ofisi inayoshughulikia hakimiliki, ndipo pa kuanzia kuuliza.