Chakula cha mtoto cha kubeba shuleni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzazi anafunga chakula saa kumi na mbili asubuhi, mtoto anakila saa sita mchana. Saa hizo sita za katikati husahaulika sana, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

"Kiporo ukikipasha moto hakina neno." Kwa wali, si kweli. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye vijimbegu vyake havifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala sufuriani usiku kucha, vijimbegu huamka, bakteria wakazaana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo moto wa kupashia hauiharibu. Na pua haitakuonya, maana wali huo unaweza kunukia vizuri tu. Wali wa jana mfungie mtoto ikiwa tu ulipozwa upesi ukalala kwenye friji, kisha ukapashwa hadi ukafuka mvuke.

Wengine huitegemea hotpoti kwa kila kitu. Hotpoti haipashi, inatunza joto ililopewa. Imwagie maji yanayochemka, ifunike dakika kumi, mwaga, ndipo utie chakula kikiwa bado cha moto kabisa. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kiwe juu ya nyuzi joto 60 au chini ya 5. Kikiachwa kwenye joto la kawaida, Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi saa 2. Cha uvuguvugu ndicho ninachokiogopa. Kama huna hotpoti inayotunza joto, bora mkate na tunda zima.

"Juisi ni sawa na tunda." Katika mwongozo wake wa 2015, shirika hilohilo liliweka sukari ya juisi kundi moja na ya soda, yaani sukari ya kupunguza. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo katika kundi hilo. Mtoto apewe chungwa, na maji ya kunywa.

Ila tusiitwike sukari kosa lisilo lake. Kwamba humfanya mtoto asitulie darasani, majaribio yamekanusha: uchambuzi wa 1995 uliokusanya majaribio ambayo watoto hawakujua kama wamepewa sukari au la haukuona tofauti katika tabia zao. Sababu ya kuipunguza ni meno na uzito.

"Bila nyama, hajala." Amekula. Maharage na nafaka hukamilishana kwa protini, na chungwa pembeni husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage.

"Kikirudi, ujue hakipendi." Pengine hakukizoea: chakula kigeni huenda kikahitaji kuonjwa mara 8 hadi 15, kwa hiyo kianzie nyumbani, pasipo haraka wala macho ya wenzake. Pengine vipande vya tofaa vimegeuka kahawia, akadhani vimeoza, kumbe ni hewa tu na matone ya limau yangezuia.

Wangu alinirudishia maharage siku tatu mfululizo. Nilikuwa nimeshaamua kuyaacha, hadi jioni moja nikamwambia afungue kontena mbele yangu. Vidole vikateleza kwenye mfuniko, akajaribu tena, akanitazama. Alikuwa ameshinda njaa siku zote tatu, akiona haya kumwomba mwalimu amfungulie.