Ya kwanza kwenye simu yako tu: dhana potofu kuhusu kupanda Google

Mwenye duka la leso mtaa wa Biashara akiandika jina la duka lake kwenye Google, nalo likatokea juu kabisa, huona kazi imekwisha. Haijaanza. Mteja wa Voi anayetafuta mzigo wa harusi halijui jina la duka hilo. Yeye ataandika "leso bei ya jumla Mombasa", na hapo ndipo penye mashindano. Tena Google huangalia mtafutaji yuko wapi, kwa hiyo anachokiona mwenye duka akiwa mlangoni pake sicho anachokiona mtu wa Voi.

Kipimo cha kuaminika ni Google Search Console, nayo ni ya bure. Ukishathibitisha kuwa tovuti ni yako, kwa rekodi ya DNS (mipangilio ya jina la tovuti) au faili dogo la HTML unaloliweka kwenye tovuti, fungua ripoti ya utendaji. Utaona maneno ambayo watu waliandika, mara ngapi ukurasa wako ulijitokeza, mara ngapi ulibonyezwa, na wastani wa nafasi yake, hadi miezi 16 nyuma. Anza na maneno yanayokuweka kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Google imeshaona kwamba unahusika nayo. Kilichopungua mara nyingi ni jibu lenyewe: bei, idadi ya chini ya kununua, gharama ya kutuma mzigo.

"Rudia neno kuu mara nyingi uwezavyo"

Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba haitumii tagi ya keywords (orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa) kupanga matokeo ya utafutaji. Bado wapo mafundi wanaotoza pesa kuijaza. Kurundika "leso Mombasa leso nafuu leso nzuri" ndani ya aya nako kunavunja kanuni za Google, na msomaji hukimbia kabla ya Google kukuadhibu.

Kinacholipa ni kulijua neno la mteja. Mombasa ni leso. Unguja na Dar es Salaam ni kanga, na huuzwa kwa doti. Sentensi moja ya kawaida inayotaja majina yote mawili inatosha, huna haja ya kurasa mbili zinazosema lile lile. Halafu kuna jina la leso, yaani maneno yaliyochapwa kitambaani. Wateja wengi huulizia leso kwa jina, na kwenye tovuti nyingi jina hilo limo ndani ya picha tu. Usiitegemee Google ilisome humo. Liandike chini ya kila picha kwa maandishi ya kawaida, na kwenye sehemu ya alt (maelezo ya picha ndani ya msimbo) eleza kinachoonekana: "Leso nyekundu, pindo nyeusi, mji wa korosho, jina: Mgeni njoo mwenyeji apone."

"Bango tulilotuma WhatsApp linatosha, libandike hapo"

Shida ni ile ile, ila hapa imekula ukurasa mzima: bei, saa za kufungua, namba ya simu, vyote vimo ndani ya picha moja. Mkahawa unaoweka menyu ya biriani na pweza kama picha hautarajiwi kupatikana na anayeandika "biriani Mji wa Kale". Menyu iandikwe kama maandishi, bango libaki pambo.

Picha zenyewe nazo ni nzito. Picha ya simu hufika megabaiti 4 au 5 na upana wa pikseli 4,000, ilhali skrini nyingi hazihitaji zaidi ya 1,200. Punguza upana, hifadhi kwa WebP (aina ya faili jepesi la picha), na ulenge chini ya kilobaiti 200. Andika upana na urefu wa picha kwenye msimbo ili ukurasa usirukeruke unapofunguka. Na ile picha kubwa ya juu usiipe loading="lazy" (agizo la kuchelewesha picha kupakiwa), kwani ndiyo inayopimwa. Google hutaka kitu kikubwa zaidi kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200 (kipimo hiki kilichukua nafasi ya kile cha zamani Machi 2024). Vipimo hivyo hutoka kwa vifaa vya wageni halisi katika siku 28 zilizopita. Kwa hiyo kujaribu kwa Wi-Fi ya ofisini na kusema "mbona inafunguka haraka" hakuthibitishi kitu.

Lakini tusizidishe chumvi. Ukurasa mwepesi usiojibu swali hautaushinda mzito unaolijibu.

"Kizuri chajiuza, Google itanifikia yenyewe"

Google hugundua kurasa kwa kufuata viungo (links) na kwa kusoma ramani ya tovuti. Ukurasa wa chumba kipya cha wageni Nyali usiounganishwa na ukurasa wowote mwingine unaweza kukaa miezi bila kuonekana. Uunganishe kutoka ukurasa wa mwanzo, kisha uwasilishe sitemap.xml, yaani faili la hiyo ramani ya tovuti, kupitia Search Console.

Kuna kosa baya zaidi, na ni la kawaida mno. Wakati wa kujenga tovuti ya WordPress, fundi huweka tiki kwenye kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji, katika mipangilio ya kusoma. Tovuti ikizinduliwa, tiki hubaki. Kwenye Google, andika site: ikifuatiwa na domeni yako (jina la tovuti) bila nafasi. Kama hakitokei kitu, angalia kisanduku hicho kabla ya kumlipa mtu yeyote.

"Nikiuzuia kwenye robots.txt, ukurasa utatoweka"

Hautatoweka kwa hakika. Faili hilo la tovuti huizuia roboti ya Google (programu inayosoma kurasa) kuusoma ukurasa, lakini anwani bado inaweza kuingia kwenye matokeo kama kuna viungo vinavyoielekea. Ajabu ni kwamba ukiweka noindex (agizo ndani ya ukurasa la kutouweka kwenye matokeo) na papo hapo ukauzuia kwenye robots.txt, roboti haitaingia kuiona hiyo noindex. Ondoa kizuizi, acha noindex, subiri isomwe.

"Ukitangaza kwa kulipia, utapanda na huku pasipolipiwa"

Hapana. Matangazo na matokeo ya kawaida ni mifumo miwili mbalimbali. Na anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa hakika anauza asichokimiliki. Viungo 1,000 kutoka tovuti nyingine kwa bei ya kutupa ni vya kundi hilo hilo: tangu sasisho la Google liitwalo Penguin, la Aprili 2012, viungo vya kununua ama hupuuzwa ama hukuletea adhabu.

"Kwenye ramani, jaza maneno kwenye jina la biashara"

Jina liwe lile la kibaoni. Kuongeza "Best Cheap Tours Mombasa Diani" kunaweza kusababisha wasifu wa biashara yako kwenye Google usimamishwe. Mpangilio wa ramani hutegemea mambo matatu: uhusiano na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huwezi kuubadilisha. Kwa hiyo chagua aina sahihi ya biashara, weka saa za kweli (pamoja na za Ramadhani) na picha mpya. Kumwomba mteja maoni kunaruhusiwa. Kumpa punguzo ili aandike, hakuruhusiwi.

"Kitufe cha tafsiri kinatosha kwa Kiswahili"

Kama kitufe kinabadilisha maneno bila kubadilisha anwani, Google kwa kawaida huiona lugha moja tu. Weka /sw/ ya Kiswahili na /en/ ya Kiingereza, kila moja na anwani yake, uziunganishe kwa hreflang (tagi inayoionyesha Google ukurasa ule ule kwa lugha nyingine) pande zote mbili. Google huitambua lugha kwa maandishi yanayoonekana. Sifa ya lang kwenye msimbo haiiangalii. Ukurasa wenye nusu Kiswahili na nusu Kiingereza unaitatiza.

"Nikihamia .co.ke nitapanda mara moja"

Domeni ya .ke huionyesha Google kwamba unawalenga watu wa Kenya, basi. Kuhama kwenyewe ndiko kunakoangusha tovuti, kukifanywa ovyo. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwa 301 (elekezo la kudumu) kwenye ukurasa wake mpya unaolingana nayo. Kuzitupa zote kwenye ukurasa wa mwanzo ni kupoteza sehemu kubwa ya ulichojenga. Acha maelekezo hayo kwa mwaka mmoja angalau, na domeni ya zamani iendelee kulipiwa muda wote huo.