Kubadilisha zulia na viti vya boti kuukuu ya skii: kazi inayoanzia chini

Karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, Nairobi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka kazi inayoiendesha ni viti vya matatu na makochi ya hoteli. Boti huja mara chache, zikiwa juu ya trela, zikipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Naivasha kwa kilomita 90 hivi, na karibu kila mwenye boti hufika na ombi lile lile la kuwekewa zulia jipya na kushonewa viti upya. Mzee aliyeniletea boti yake mwezi wa Februari hakutofautiana na wengine. Ilikuwa boti ya Kimarekani ya miaka ya 1980, ya aina ile ambayo injini imekaa katikati chini ya sanduku, na mbele ya sanduku kuna nguzo fupi ya chuma ambayo hufungwa kamba ya kumvuta mtu anayeteleza juu ya maji kwa skii.

“Fundi, usinipeleke mbali,” aliniambia. “Reksini nyeupe na nyekundu, zulia la kijivu, basi.”

“Sawa mzee, lakini nitafungua kwanza ndipo nikupe bei.”

Hakulipenda jibu hilo, na ninamwelewa, kwa sababu huku kwetu fundi asiyetaja bei papo hapo hudhaniwa kuwa anapima unene wa mfuko wa mteja. Hata hivyo, siwezi kukadiria bei ya boti kuukuu kwa kutazama reksini. Kiti cha matatu huharibika kuanzia juu, kwa kusuguliwa na suruali na kukatwa na wembe wa mtoto mtundu, lakini kiti cha boti huoza kuanzia chini, na reksini ndiyo huwa ya mwisho kutoa habari.

Kiti hicho ni kitu rahisi kukieleza: ubao wa plaiwudi, sponji juu yake, reksini juu ya sponji, na pini za stepla zinazoikaza reksini chini ya ubao. Maji hayapiti katika reksini nzima, bali hupita katika matundu ya sindano, kila mara mtu anapotoka ziwani akiwa amelowa na kuketi. Yakishaingia hushuka katika sponji mpaka kwenye ubao, na kama ubao hauna tundu la kuyatoa, hubaki hapo. Nilipong’oa kiti cha nyuma cha boti ile, ambayo mwenyewe aliniambia ilikuwa imekaa nchi kavu chini ya turubai kwa miezi miwili, niliikamua sponji kwa mikono yangu na maji ya rangi ya chai ya rangi yakachuruzika mpaka kwenye viatu. Pini zilikuwa zimegeuka unga mwekundu, na plaiwudi ikafunguka kwa tabaka kama kitunguu, nikawa naichambua kwa kidole.

Madoa ya waridi yaliyokuwa kwenye reksini nyeupe, ambayo mzee alidhani ni juisi iliyomwagwa na wajukuu, yalitokana na unyevu huo huo. Vijidudu vinavyoishi ndani ya sponji na nyuma ya reksini hutoa rangi inayoyeyuka katika mafuta yanayoilainisha reksini, na rangi hiyo hupanda mpaka juu. Hakuna sabuni inayoyafikia madoa hayo, kwa sababu yametoka ndani. Nikiyaona, sihitaji tena kubonyeza kiti ili nijue hali ya ubao wake.

Kuhusu sakafu, kanuni yangu ni kwamba zulia la zamani halitoki kabla ya kupigwa picha na kuandikwa kwa kalamu nzito mahali kila kipande kilipokaa, kwa sababu vipande hivyo, hata vikiwa vimechakaa, ndivyo paterni bora kuliko zote. Baada ya kulivua, ninapiga sakafu kwa mpini wa nyundo nikienda hatua kwa hatua. Penye ubao mzima mlio hurudi mkavu. Penye ubao uliooza mlio hufa. Boti nyingi za miaka ile zilijengwa kwa mihimili ya mbao na sakafu ya plaiwudi iliyofunikwa kwa faibaglasi, na chini yake kukamiminwa povu la kuisaidia boti kuelea. Maji huingilia kwenye matundu ya skrubu, hasa zile za miguu ya viti, kisha povu lile hulewa maji na kuulowesha ubao kutoka chini. Katika boti ya mzee, kiasi cha meza ndogo ya chakula kilikuwa kimekufa upande wa kushoto wa sanduku la injini. Kubandika zulia juu ya sakafu kama hiyo ni sawa na kupaka rangi ukuta uliopasuka. Tuliikata sehemu hiyo, tukalitoa povu bovu, tukaiacha wazi kwa majuma matatu ikaushwe na feni, ndipo tukaweka ubao mpya na faibaglasi juu yake. Mihimili ilikuwa salama. Isingekuwa salama, kazi ingekuwa ya fundi wa boti, wala si ya fundi wa viti kama mimi.

Hapa nina neno kwa wanaonunua mbao Nairobi. Ukiuliza “marine board” katika yadi nyingi za mbao utaonyeshwa ule ubao wenye ngozi laini ya kahawia ambao wajenzi huutumia kumwagia zege. Ni ubao mzuri kwa zege, lakini ngozi yake haishiki resini, ule utomvu wa plastiki unaopakwa na kukauka ukawa mgumu, mpaka uikwangue yote, na ubora wa tabaka za ndani hauonekani kwa macho. Plaiwudi halisi ya majini ina kiwango chake cha Uingereza, BS 1088, ambacho kinadai gundi isiyoachia hata kwenye maji ya moto na tabaka zisizo na mapengo ndani. Ikikosekana, afadhali uchukue plaiwudi nzuri ya milimita 12, uitazame kingo zote nne, kisha uipake resini ya epoksi pande zote, kingo zikipewa mara mbili, kwa maana ubao hunywa maji kupitia kingo zaidi kuliko usoni. Matundu ya kutolea maji hutobolewa kabla ya kupaka, ili nayo yapate resini.

Pini ndizo zilizonifundisha kwa gharama. Boti ya kwanza niliyowahi kuishona niliikaza kwa pini zile zile za kawaida ninazotumia kwenye makochi, na haukupita mwaka kabla ya michirizi ya kutu kutokeza kwenye reksini nyeupe kama machozi. Niliirudia kazi yote bila malipo. Tangu siku hiyo nanunua pini za chuma kisichoshika kutu, na naenda dukani na sumaku mfukoni: pini ya kawaida huirukia sumaku, ilhali ile njema ama haisogei kabisa ama huvutika kidogo tu. Muuza duka mmoja wa Kirinyaga Road huniita daktari kwa sababu ya sumaku hiyo.

Mafundi hatukubaliani kuhusu kuifunga sponji kwa karatasi ya nailoni kabla ya kuvisha reksini. Wanaoitetea husema maji hayataifikia sponji, na ni kweli kwamba nailoni huifanya reksini iteleze vizuri wakati wa kuvuta. Mimi siitumii, kwa sababu pini zenyewe huitoboa, maji huingia kwa matone na hayana tena njia ya kutoka. Ninapendelea sponji nzito ya kilo 30 au zaidi kwa mita moja ya ujazo, ubao wenye matundu, na hewa. Sponji ya vitundu vikubwa inayopitisha maji moja kwa moja ni bora zaidi, ila bei yake humfanya mteja anyamaze kidogo.

Reksini yenyewe lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje, yenye kinga dhidi ya jua na ukungu, na mgongo wake uwe wa poliesta, si pamba inayooza. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi ya urujuanimno inavyozidi, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Jua hilo ndilo linaloyafukuza mafuta ya kulainisha kutoka katika reksini hadi ikakakamaa na kupasuka. Uzi nao uwe wa poliesta, na mishono iwe mirefu, milimita 4 hadi 5, kwa sababu mishono midogo iliyosongamana huigeuza reksini kuwa kama stempu ya posta, tayari kuchanika. Nyekundu nilimshauri mzee aiweke ubavuni pekee, mahali ambapo mapaja hayafiki, kwa kuwa rangi iliyokolea huunguza saa saba mchana.

Zulia lilikuja mwisho. Lilikuwa la polipropilini, ambayo nyuzi zake hazinywi maji. Nililikunjua juani siku nzima lilegee, nikalikata likiwa na ziada ya sentimita 5 kila upande, na nikahakikisha manyoya ya vipande vyote yanalala upande mmoja, maana kipande kimoja kikigeuzwa huonekana kana kwamba ni cha rangi nyingine. Gundi hupakwa pande zote mbili na kusubiriwa mpaka isinate kidoleni. Betri tulikuwa tumeiondoa na vifuniko vyote kufunguliwa, kwani mvuke wa gundi ukikutana na mvuke wa petroli ndani ya boti, cheche moja inatosha.

Kuna kosa moja ambalo kila mwanagenzi wangu hulifanya mara moja. Zulia likishanata vizuri, anachukua drili atoboe tundu la skrubu ya kiti, na ncha ya drili inanasa uzi mmoja na kuuvuta, ukifumuka mstari mzima kutoka ukutani hadi kwenye sanduku la injini. Huchukua nusu sekunde. Dawa yake ni kulichoma zulia mahali pa tundu kwa msumari uliopashwa moto, nyuzi ziyeyuke na kushikana, ndipo drili ipite. Tundu hujazwa gundi laini ya kuzuia maji kabla skrubu haijaingia, kwa sababu ni matundu kama hayo yaliyoiozesha sakafu ya kwanza.

Boti ilirudi Naivasha viti vikiwa ndani ya gari, kwa kuwa upepo wa barabarani hung’oa mito. Wiki mbili baadaye mzee alinipigia simu akiwa na wasiwasi.

“Fundi, vijana wametoka majini wakaketi, na sasa naona maji yanadondoka chini ya kiti cha nyuma.”

“Yanadondokea matundu yote mawili, mzee?”

“Ndiyo, yote mawili.”

“Basi yaache yadondoke.”