Chuo kidogo Marekani: maneno ya mtaani na hali ilivyo

Barua ya kukubaliwa chuo ilipofika, mjomba aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama mtu anayetoa pole: "Sasa hii koleji, ina maana vyuo vikuu vyenyewe vimekukataa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, maana nimesoma miaka minne katika chuo kidogo cha Iowa, kwenye mji ambao ukianza kula karanga mwanzo wa barabara kuu, unazimaliza umeshaingia kwenye mashamba ya mahindi. Tangu nirudi Tanga, wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita wananiletea dhana zilezile, na nyingine nilikuwa nazo mwenyewe.

"Koleji ni ya waliokosa chuo kikuu"

Kwetu koleji ni chuo cha kati: cheti, stashahada, basi. Marekani neno hilo halipimi daraja. Koleji ndogo ya miaka minne inatoa shahada ya kwanza ileile inayotolewa na chuo kikuu. Tofauti ni kwamba nyingi hazina wanafunzi wa uzamivu, kwa hiyo profesa hana wa kumtuma darasani kwa niaba yake. Anakuja mwenyewe, na mbele yake mmekaa kumi na watano. Grinnell, iliyoko hukohuko Iowa, ina wanafunzi kama 1,700. Amherst na Williams za Massachusetts zina kama elfu mbili kila moja, na kupenya kuingia humo ni kazi kuliko kuingia vyuo vikuu vingi vyenye majina ya kutisha.

Waliopita njia hiyo tunawajua, ila hatujui walisoma wapi. Wangari Maathai alifika mwaka 1960 katika Mount St. Scholastica, chuo cha masista kwenye mji mdogo wa Atchison, Kansas, akatoka na shahada ya biolojia mwaka 1964. Kofi Annan alimaliza Macalester, Minnesota, mwaka 1961. John Garang, yule kiongozi wa wapiganaji wa Sudan Kusini, alimaliza Grinnell mwaka 1969, kisha akaja kusoma Mlimani, Dar es Salaam. Mjomba nilipomtajia Garang alinyamaza, akaomba chai.

Jambo moja la kuangalia: zipo pia koleji za jamii, za miaka miwili, na hizo ndizo zinazokaribiana na vyuo vyetu vya kati. Si mbaya, wengi huanzia hapo kisha wakahamia kwingine, lakini zisome vizuri karatasi zako ujue umekubaliwa wapi.

"Amepata ufadhili kamili, halipi hata senti"

Chuo binafsi cha aina hii kinaweza kutoza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha ada, chumba na chakula. Mtoto wa kwetu halipi hizo. Analipiwa na chuo chenyewe, kikipenda. Amherst na Bowdoin hawaangalii mfuko wako wanapoamua kukupokea, hata kama wewe ni mgeni. Vyuo vingi vinaangalia, na ndiyo maana kijana mwenye alama nzuri anaweza kukataliwa akabaki anajiuliza alikosea wapi. Berea, Kentucky, haitozi ada kabisa, lakini kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni saa zisizopungua 10 kwa wiki.

Sasa hesabu ambayo haimo kwenye barua. Ada ya kuomba viza ni dola 185. Ada ya SEVIS, mfumo wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350. Hapo umeshatoa 535 na hujagusa tiketi ya ndege, bima ya afya (ambayo chuo kinaweza kukulazimisha uwe nayo), vitabu, wala koti la baridi. Kwetu ilibidi tuuze pikipiki. Kanuni za viza nazo zimebadilika sana tangu 2025, kwa hiyo usimtegemee binamu aliyekwenda 2019. Soma ya ubalozi wenyewe.

"Akifika atabeba boksi, atatutumia"

Hii ndiyo inayoumiza, kwa sababu anayeiamini ni mtu anayekupenda.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo ni mpaka kibali, na mwaka wa kwanza kwa kawaida sahau. Iowa kima cha chini ni dola 7.25 kwa saa. Piga hesabu: saa 20 ni dola 145 kwa wiki kabla ya kodi, na hizo ni kwa aliyepewa saa zote. Mimi nilipewa kumi.

Nilikuwa jikoni, upande wa vyombo. Sahani zinakuja kwenye mkanda unaotembea, zimepakwa sosi ya nyanya na siagi ya karanga, wewe unazipukutia, unazipanga kwenye kreti, mashine inazimeza na kukutemea mvuke usoni. Pembeni yangu alisimama kijana ambaye baba yake ni daktari wa upasuaji Chicago. Wiki nzima niliamini wamemwadhibu. Kumbe alikuwa anatafuta hela ya gitaa. Kazi ya mikono kule haimshushi mtu hadhi mbele ya wenzake, na hilo lilinipunguzia aibu niliyotoka nayo nyumbani. Ila nilipokuwa nasoma ujumbe wa simu, "kaka, hata laptop tu", mikono ikinuka sabuni ya jikoni, nilikosa maneno. Ukishawishika kuosha magari mjini kwa siri, unahatarisha viza nzima. Hakuna "kidogo tu" katika hilo.

"Mwanafunzi mwenye adabu hukaa kimya"

Insha yangu ya kwanza ilirudi na maandishi ya penseli pembeni: njoo ofisini tuzungumze. Sikulala vizuri. Sekondari niliyosoma, ukiitwa ofisini ulivaa suruali mbili. Nikachomekea shati, nikafika dakika ishirini kabla. Profesa alikuwa amevua viatu, soksi zake hazifanani, akanipa chai ya rangi isiyo na sukari, akaniwekea insha mezani. Alikuwa amepigia mstari karibu kila aya.

"Haya," akasema, "nilishayasema mimi Jumanne."

Nilitarajia anipongeze. Nilikuwa nimeyashika yote, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa kulishika desa na kulirudisha kwenye mtihani lilivyo. Akaniuliza wapi sikubaliani naye. Nikamwambia nakubaliana naye kote. Akacheka, akaahirisha kunipa alama.

Saa za ofisi, yaani muda ambao profesa hukaa kupokea wanafunzi, zimebandikwa mlangoni kwa ajili ya kila mwanafunzi. Nilidhani ni za wenye matatizo, na mpaka muhula wa pili sikujua kwamba waliokuwa wakiongoza darasani ndio waliokuwa wakishinda kwenye viti vile. Kuchangia darasani nako mara nyingi kuna alama zake. Mkiwa kumi na watano hakuna benchi la nyuma. Ukinyamaza, mwalimu hasemi una heshima, anajua hukusoma. Kunakili bila kumtaja mwenye maneno ni kosa la kukufikisha kwenye kamati. Haverford, Pennsylvania, wanafunzi hufanya mitihani bila msimamizi, kwa kiapo chao tu. Nilipomsimulia mwalimu wangu wa zamani alicheka mpaka akakohoa.

Halafu lile la majina. Profesa mwenye mvi alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza, kama mtoto mwenzetu. Nilimaliza miaka minne nikiunda sentensi zisizohitaji kumtaja.

"Salamu zao za kinafiki"

Mtu anakuuliza u hali gani, unageuka umweleze, ameshafika mlango wa maktaba. Nilichukia sana. Kisha nikakumbuka sisi na "mambo, poa" yetu. Nani husubiri kusikia hayo mambo? Ile ni "mambo" yao. Mazungumzo yenyewe hufanyika kwa miadi, Alhamisi saa kumi, kahawa, dakika arobaini, na mtu anakuja kweli.

"Ngozi moja, undugu moja kwa moja"

Hapana. Wamarekani weusi wana historia yao, na mgeni anayefika na mawazo ya sinema huwakwaza upesi. Maathai alisimulia kwamba safarini kwa basi kwenda Kansas, huko Indiana, walikataliwa kukaa ndani ya mgahawa kwa sababu ya rangi. Hakuulizwa kama ni Mkenya. Miaka yangu haikuwa hiyo. Mimi taabu yangu ilikuwa kugeuzwa bara zima: ikitajwa Afrika, iwe Mali au Malawi, macho yote kwangu.

"Mji mdogo, wote familia moja, hawezi kuwa mpweke"

Ni kweli wanakujua. Ukiugua siku mbili, mama wa jikoni anauliza uko wapi. Lakini watu walewale wanaokujua wana magari na wana kwao. Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya Shukrani, chuo kinakauka kama gulio lililokwisha. Ukumbi wa chakula unafungwa. Daladala hakuna, bodaboda hakuna, duka kubwa liko kandoni mwa barabara isiyo na njia ya miguu. Desemba vyuo vingi hufunga na mabweni. Kabla ya kusema ndiyo, waandikie uwaulize: likizo nitalala wapi, nitakula wapi, na nani analipa?

Mwaka wa kwanza tulibaki wanne kwenye ghorofa moja: Mnepali, Mghana, Mvietnamu na mimi. Nikasema nitapika pilau. Vitunguu havijafika hata rangi ya kahawia, king'ora cha moto kikalia, tukatoka nje kwenye theluji, mimi na kandambili, na gari la zimamoto likaja kwa taa zote. Zimamoto mmoja alirudi na sufuria mkononi akauliza ni ya nani. Nikanyoosha mkono. Akaniuliza kuna nini ndani, nikamtajia: bizari nyembamba, mdalasini, iliki. Akanusa tena kabla ya kunirudishia.

Kuna pia familia wenyeji, watu wa mjini wanaojitolea kumkaribisha mwanafunzi mlo au sikukuu. Wazazi wengi huku hudhani hao ni wafadhili na huanza kutuma salamu zenye maombi. Jamani, waacheni. Wamekupa kuku na kiti karibu na moto.

"Ameanza kutukwepa"

Mama alikuwa akinipigia saa 2 asubuhi ya Tanga, akishafungua duka. Iowa ni saa 5 usiku, bado niko macho. Machi ilipofika akanikuta nimelala siku tatu mfululizo, akalalamika kwa dada kwamba nimebadilika. Nikamweleza kwamba Marekani Machi saa husogezwa mbele, sasa simu yake inaingia saa 6 usiku, na Novemba zitarudishwa.

Akatafakari. "Wamesogeza saa," akasema. "Na jua limekubali?"